Ya Moto Mpaka Ikakosa Moto

Ugonjwa unaowachosha mafundi kuliko yote ni ule unaopona ukifika gereji. Gari limezimika porini, limesukumwa, limevutwa kwa kamba nyuma ya lori la alizeti, abiria wameshuka na kulaani. Likifika kwa fundi, anainua boneti, anazungusha ufunguo mara moja tu, linawaka. Linaunguruma kama halijawahi kumkosea mtu. Fundi anakuangalia wewe, halitazami gari. Unaanza kujieleza, unaapa, na kadiri unavyoapa ndivyo unavyozidi kuonekana mtu wa ajabu.

Kwenye kazi yangu ya habari namjua mtu wa aina hiyo: shahidi aliyekueleza kila kitu chini ya mti, halafu ukiwasha kinasa sauti anasema hakumbuki. Lakini leo siandiki kuhusu mashahidi. Naandika kuhusu kopo la chuma, dogo kidogo kuliko kopo la soda, linaloitwa koili, na jinsi lilivyofanya nusu ya ukoo wetu pale Singida wamsikie marehemu baba akikataa.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, injini ya petroli ya lita mbili na robo. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na Series III ni toleo lililotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Kama umekulia mikoa ya kati unalijua hata kama jina hulijui. Ndilo lililomleta mkuu wa wilaya, ndilo lililoleta chanjo. Padri alikuwa nalo, polisi walikuwa nalo, na tairi la akiba lilikaa juu ya boneti kama ngao. Oktoba 2024, Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover na magari hayo yakajitokeza kwa mamia, rafiki zangu wa Dar walishangaa kwamba vitu vile bado vinatembea. Mimi nilishangaa kwamba wanashangaa.

Baba alikuwa bwana mifugo. Miaka yake ya kazi aliipitisha kwenye Land Rover za serikali, kutoka josho hadi josho, Ikungi, Iramba, mpaka kule chini Wembere ambako mvua ikinyesha ng'ombe wanatembea na gari linabaki. Serikali ilipouza magari chakavu kwa mnada miaka ya tisini, akanunua moja. Mama anasisitiza kuwa ndilo lilelile alilokuwa akiliendesha kazini. Namba za usajili zinasema hapana, lakini hatujawahi kumwambia.

Alifariki Machi 2024. Baada ya arobaini tulikaa kikao. Watoto wanne, hakuna hata mmoja anayeishi nyumbani, na mama haendeshi. Tukakubaliana gari liuzwe, fedha zimchimbie mama kisima. Anayeijua Singida anajua kisima si anasa. Kisha likaja lile tamasha la Arusha, na simu za wanunuzi zikaanza kuingia zenyewe.

Mnunuzi wa kwanza alikuja Novemba. Kijana mstaarabu, amevaa kofia ya safari. Akalizunguka gari, akapiga picha mpaka kwenye bawaba za milango, akaomba aliendeshe kidogo kwenye barabara ya Misigiri. Baada ya kama nusu saa likazimika. Hakuna kukohoa, hakuna kutetemeka: kimya tu. Wakangoja, wakashika hiki na kile, baada ya dakika arobaini likawaka, wakarudi. Likafika nyumbani salama salimini. Kijana akasema atapiga simu.

Wa pili alikuja Januari, akaelekea upande mwingine, barabara ya Manyoni. Likazimika karibu na Puma. Nusu saa kwenda, dakika arobaini za kungoja, kisha nyumbani bila tatizo. Huyu hakusema atapiga simu. Akaja na wa tatu, ambaye hata kuliendesha hakutaka. Alikuwa ameshasikia. Akatoa nusu ya bei na kusema wazi kuwa injini ataing'oa, aweke ya dizeli.

Hapo ndipo shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliposema mbele ya watu: “Kaka hajaridhia.”

Mdogo wangu alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka. Na ukiangalia ushahidi kama tulivyokuwa nao wakati ule, shangazi alikuwa na kesi nzuri kuliko sisi. Gari lilikwenda sokoni kila juma, halikuzimika. Lilibeba magunia ya alizeti kwenda mashineni, halikuzimika. Lilizimika lilipoendeshwa na mnunuzi, na mnunuzi tu. Halafu likigeuzwa uso kuelekea nyumbani, linakwenda. Sasa wewe msomaji, na digrii yako, ungesemaje?

Mama hakusema lolote. Nilidhani hataki kubishana na wifi yake.

*

Kabla sijaendelea, kuna neno moja linanisumbua, nalo ni moto. Kwa Kiswahili cha gereji, moto ni umeme. “Gari halina moto” maana yake betri imekufa au waya umekatika. “Pima moto” maana yake angalia kama umeme unafika. Cheche ya plagi nayo ni moto. Na moto ni moto, ule wa jiko. Lugha nyingine zimegawanya vitu hivi vitatu, sisi tumeviacha ndani ya neno moja na fundi anajua kwa kusikiliza tu ni upi unaozungumzwa. Kwa hiyo fundi wetu alipokuja kutamka jibu la fumbo lote, alilitamka kwa sentensi ambayo sijui ningeiandikaje kwa Kiingereza: “Koili ilikuwa ya moto mpaka ikakosa moto.”

Na kuna kuzima. Gari huzimika, taa huzimika, mtu huzimia. Waliokufa wako kuzimu, na anayewasumbua walio hai ni mzimu. Sidai kwamba maneno haya yote yana mzizi mmoja, hiyo ni kazi ya wanaisimu. Nasema tu kwamba sikio la shangazi lilikuwa na mahali pa kuanzia.

*

Betri ya gari ina volti 12. Plagi haiwezi kuruka cheche kwa volti 12, inahitaji maelfu. Kazi ya koili ni kuzipandisha. Ndani ya lile kopo kuna waya mbili za shaba zilizozungushwa kwenye chuma: mmoja mnene, mizunguko mia kadhaa, mwingine mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Umeme wa betri ukipita kwenye waya mnene, nguvu ya sumaku inajijenga. Kisha ndani ya distribyuta kuna vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, mafundi wanaviita pointi. Vikiachana, umeme unakatika ghafla, sumaku inaporomoka, na ule mporomoko ndio unaozaa volti nyingi kwenye waya mwembamba. Michael Faraday alionyesha kanuni yenyewe London mwaka 1831. Charles Kettering, Mmarekani, akaiingiza kwenye magari ya Cadillac mwanzoni mwa miaka ya 1910, na kwa zaidi ya nusu karne magari mengi ya petroli duniani yaliendeshwa hivyo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, tendo hilo linafanyika mara 100 kila sekunde.

Nilipolielewa hili nilikaa kimya kidogo. Cheche haitoki umeme unapopita. Inatoka unapokatwa.

Sasa, umeme ukipita kwenye waya, waya unapata joto. Hilo ni la kawaida, na ndiyo sababu koili nyingi za zamani zimejazwa mafuta ndani, yachukue joto yalipeleke kwenye ganda la nje. Waya wenyewe umepakwa vanishi nyembamba ili mzunguko mmoja usiguse mwingine. Joto likizidi, vanishi inashindwa, na zile volti badala ya kwenda kwenye plagi zinavujia humohumo ndani. Injini inakosa cheche, inanyamaza. Ngoja ipoe, vanishi inashika tena, angalau kwa muda. Gari linawaka, linakimbia gereji na uso wa malaika.

*

Fundi wa baba alishastaafu, amerudi kulima kwao Mkalama. Nilipopata likizo Juni 2025, wakati wa kuvuna alizeti, nilimtumia ujumbe. Akaja kwa basi na mkoba wa turubai. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za mama, akala ugali na kuku, na gari hakuligusa. Nikamwambia lipo pale chini ya mwarobaini, tuliangalie.

“Tuliangalie nini? Gari haliulizwi likiwa baridi, binti. Kesho tutaliendesha mpaka life.”

Siku ya pili tukaondoka saa nne asubuhi, yeye anaendesha, mimi nimeshika dumu la maji na kitambaa. Tukaelekea barabara ya Shelui. Upande wa kulia na kushoto ni mashamba yaliyokwisha kukatwa vichwa, na yale mawe ya Singida yaliyokaa juu ya mengine kana kwamba mtu aliyapanga akaitwa. Tulipita Misigiri. Mzee akawa anaimba kidogo kidogo. Halafu injini ikanyamaza, akaliacha gari liserereke mpaka pembeni, akashuka kwa wepesi ambao sikuutegemea kwa umri wake.

“Tuna dakika kumi kabla halijaanza kudanganya.”

Nitaeleza alichofanya kwa mpangilio aliofanya, kwa sababu mpangilio ndio ufundi wenyewe.

Kwanza petroli. Gari lililokosa petroli na lililokosa cheche huzimika kwa namna zinazofanana sana, na Singida ipo juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako petroli huchemka kwa urahisi zaidi na mvuke kuziba njia. Pampu ya Land Rover hii ina kikombe cha kioo. Akakichungulia: kimejaa. Akasukuma kile kimkono kidogo cha pampu mara mbili: petroli inakwenda. Basi, petroli imetoka kwenye orodha.

Pili cheche. Akachomoa waya mnene wa katikati kwenye kava ya distribyuta, akaushika kwa kitambaa kikavu karibu na mwili wa injini, nafasi kama ya unene wa penseli, akaniambia niwashe swichi, akazichokonoa pointi kwa bisibisi. Cheche ikaruka, lakini ya manjano, nyembamba, ya kivivu. “Iliyo hai ni ya bluu na inapiga kelele,” akasema. “Hii inaomba radhi.”

Tatu kondensa, kile kidude kidogo kinacholinda pointi zisiungue. Nacho huwa na tabia ya kufa kikipata joto na kufufuka kikipoa, kwa hiyo ndicho mshukiwa wa kwanza kabla ya kumkamata mtu mwingine. Alikuwa na kizima mfukoni. Akakiunganisha kwa nje, tukajaribu tena. Manjano ileile.

Nne, akanyoosha mkono akaigusa koili. Akaurudisha haraka. Koili nzima huwa ya uvuguvugu au zaidi kidogo, unaweza kuishika huku unazungumza. Hii haikushikika hata kwa kuhesabu moja mpaka tatu. Akaniomba kitambaa, akakichovya majini, akaizungushia. Ikatoa sauti kama chapati. Tukangoja, akalowesha tena, tukangoja. Kisha cheche: bluu, na ikapiga kelele.

“Tumempata!” nikasema.

“Tumempata aliyeumia. Aliyempiga bado.”

Maana koili hiyo ilikuwa mpya. Mdogo wangu aliinunua Desemba, baada ya mnunuzi wa kwanza, kwa ushauri wa fundi mwingine aliyesema ya zamani imechoka. Na ya zamani nayo haikuwa ya zamani kihivyo. Koili mbili ndani ya miaka miwili, zote zimepikwa. Hapa ndipo magari mengi ya aina hii yanapomaliza mwenye mali: anabadilisha kilichoungua, kinaungua tena, anabadilisha, na kila mara linatembea siku chache za kumpa moyo.

Tulirudi nyumbani bila tatizo, bila shaka. Na njiani ndipo nilipoona mantiki ya mzimu. Koili inachukua nusu saa kupata joto la kuua. Umbali wa nusu saa kwenda ni umbali wa nusu saa kurudi. Ukingoja ikapoa ukageuza, unafika getini kwako ikiwa ndiyo inaanza kukaribia tena, ukazima ufunguo bila kujua. Sokoni na mashineni ni dakika kumi. Wanunuzi tu ndio waliolipeleka mbali.

*

Jioni ile mzee alitoa mita ya umeme. Akagusanisha kwanza zile ncha mbili za mita zenyewe, aone waya zake zina ukinzani kiasi gani, autoe kwenye hesabu. Nilipenda hilo. Kisha akazigusisha kwenye vichwa viwili vidogo vya koili. Ikasoma omu 1.5.

Gari hili linataka koili ya kama omu 3. Hesabu ni ya shule ya sekondari: volti 12 gawanya kwa 3 ni ampea 4, gawanya kwa 1.5 ni ampea 8. Umeme mara mbili, kwa hiyo na joto mara mbili, na injini ikiunguruma oltaneta inapandisha volti mpaka 14 hivi, hali inakuwa mbaya zaidi. Pointi nazo tulipozifungua zilikuwa zimeliwa, moja ina shimo, nyingine ina chunusi.

Koili ya omu 1.5 si mbovu. Imetengenezwa kwa magari ambayo njiani kati ya swichi na koili yamewekewa rezista, kipande cheupe cha kauri, kinachopunguza umeme safarini. Wakati wa kuwasha, stata inapoivuta betri mpaka volti zikashuka, rezista inarukwa ili koili ipate umeme wote uliobaki. Ni ubunifu wa maana sana, kwa gari lake. Kwenye gari letu hakuna rezista. Koili ilikuwa inafanya kazi ya kuwashia, kwa nguvu ya kuwashia, safari nzima.

Mzee akalegeza kibano kinachoishikilia, akaizungusha. Chini ya kibano, kwa Kiingereza cha herufi ndogo, koili yenyewe ilikuwa imeandika kuwa itumike pamoja na rezista ya nje. Ilijieleza tangu siku ya kwanza. Kibano kilikuwa kimekaa juu ya mdomo wake.

*

Nilitaka kujua ya kwanza ilitoka wapi, na hapo nikaenda kwenye daftari.

Baba alikuwa na kauntabuku la gari. Mwandiko wa bwana mifugo: ameandika gari kama anavyoandika ng'ombe, tarehe, dalili, tiba. “Mkanda umelegea, umekazwa.” “Plagi nne mpya.” Hakuna kivumishi hata kimoja kwenye kurasa mia na zaidi, na mimi niliyefundishwa chuoni kufuta vivumishi naliona ni darasa. Mwaka 1999 kuna mstari: “Koili mpya, omu 3, haina rezista.” Aliujua utofauti huo miaka 26 kabla yangu, na akaona unafaa kuandikwa. Kwenye jalada la ndani, kwa herufi kubwa, kuna sheria moja tu: UFUNGUO MFUKONI. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni kuhusu wezi. Kumbe gari la pointi likiachwa swichi wazi injini ikiwa imezima, pointi zikiwa zimebahatika kugusana, umeme unapita kwenye koili bila kukatika na kuipika hata kama ni ya omu sahihi.

Maandishi yake yanaisha Agosti 2023, alipoanza kuugua. Baada ya hapo hakuna mwandiko. Kuna risiti tu, imekunjwa kati ya kurasa: Oktoba 2023, koili 1, na bei. Hakuna omu wala jina la aliyenunua.

Nikaenda jikoni kwa mama na ile risiti.

Hakuhitaji kuisoma. Akaniambia ni ya siku ile walipompeleka baba Dodoma. Mimi nilikuwa nje ya nchi kikazi, niliambiwa tu kuwa amelazwa. Jioni hali ilibadilika, gari jingine halikupatikana, na la kwake likagoma kuwaka kwa sababu koili ya 1999 ilikuwa imefika mwisho wake. Jirani alikimbia mjini, akagonga mlango wa duka lililokwisha kufungwa, akapewa iliyokuwepo. Wakaifunga kwa tochi. Likawaka. Wakamlaza baba nyuma juu ya godoro wakaondoka.

“Lilizimika mara nne,” mama akasema. “Puma. Halafu pale Issuna. Halafu Manyoni tumeshapita. Halafu sikumbuki tena, giza. Kila likizimika yule kijana anataka watu wasukume. Baba yako analala pale nyuma, hata kuinua mkono hawezi, anasema: subirini, litawaka. Tunasubiri. Linawaka.”

Akaendelea kuchambua mchicha.

“Maneno yake mengine ya siku ile sikuyaelewa. Hayo niliyaelewa.”

Nilikuwa nimekwenda na maelezo yangu yote, omu, ampea, kibano, na nikaona hapana pa kuyaweka. Sasa nilielewa kwa nini hakubishana na shangazi. Miezi yote ile wanunuzi walipokuwa wakirudi wamenuna, wakisema walingoja dakika arobaini ndipo likawaka, mama alikuwa anasikia kitu ambacho sisi hatukuwepo kukisikia mara ya kwanza.

Nikamweleza hata hivyo, polepole, kwa sababu aliuliza. Akasikiliza vizuri. Alipomaliza kusikiliza aliuliza swali moja: “Kwa hiyo alijua? Au alikuwa anatutia moyo tu?”

Nilimpelekea mzee swali hilo pale nje. Akafikiri. Akasema mtu aliyeendesha 109 miaka thelathini, akilala nyuma, akasikia injini inanyamaza bila kukohoa, na anajua limetoka kubadilishwa koili na mtu mwenye haraka, hahitaji kuinuka. “Asingejua, angewaambia wasukume.”

Nikarudisha jibu jikoni. Mama akasema haya.

Yule jirani sikumtafuta kumuuliza lolote. Koili isiyo sahihi ilimfikisha baba hospitali, na akaishi miezi mitano zaidi. Ingekuwa risiti ya kulalamikia, ningeilalamikia.

*

Dawa ilikuwa mbili. Kuna rezista za magari ya Kijapani yaliyokufa, gereji za mjini hazikosi, ungeweza kuifunga na koili ileile ikaishi. Mzee alikataa, si kwa dharau: akasema vanishi iliyokwisha kupikwa haina ahadi, na kila kitu unachoongeza ni kitu kingine cha kuharibika. Tukaagiza Dar koili ya omu 3, ikaja kwa basi siku ya pili ndani ya boksi la biskuti. Akaweka pointi mpya, akaziachanisha kiasi cha milimita 0.4 akipima kwa bapa la chuma, akafunga kibano maandishi yakiwa juu, yanasomeka.

Tukaenda mpaka mlima Sekenke, tukateremka, tukapanda tena. Mama alikaa mbele. Saa mbili na ushee za safari, jua la mchana, gia ya pili. Juu kabisa mzee alisimamisha, akazima, akaweka ufunguo mfukoni bila kuambiwa, akafungua boneti na kumwita mama aje aguse. Mama akaweka kiganja juu ya koili akakiacha pale kwa muda mrefu, anatazama bonde la Wembere.

“Sasa halitazimika tena?”

“Labda petroli iishe, mama.”

Akatikisa kichwa, akafunga boneti mwenyewe.

Shangazi alipopewa habari, pamoja na mahesabu yote, alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema: “Ehee. Basi ameridhia.” Sikuwa na hoja ya kumjibu, na mpaka leo sina.

Kijana wa kofia ya safari alirudi Agosti, akalipa bei tuliyotaka. Aliliomba na daftari, akisema linaongeza thamani, na ni kweli. Mama akakataa. Akamruhusu kupiga picha ukurasa wa 1999 na jalada la ndani, ambalo nadhani hakulielewa. Injini hakuahidi chochote, na hatukumdai ahadi.

Alipiga simu mchana, amefika Katesh, mlima Hanang uko wazi hauna wingu, amesimama apige picha. Gari liko safi, anasema, halijakohoa. Nilikuwa nimeweka sauti ya juu, mama yuko pembeni anapembua alizeti.

“Muulize ufunguo uko wapi,” mama akasema.

Nikamuuliza. Kukawa kimya kidogo, halafu nikasikia mlango unafunguliwa, na ufunguo ukichomolewa.